Binti yangu anataka Cavalier, na muuzaji anadai amana kabla ya kesho

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Moshi, na tumeishi Reading, Uingereza, kwa miaka 11 sasa. Ninafanya kazi ya uuguzi, zamu za usiku mara tatu kwa wiki, na mume wangu ni dereva wa basi ambaye hutoka nyumbani kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Watoto wetu wana miaka 13, 10 na 4. Yule wa kati, ambaye ni binti, ametuomba mbwa kwa miaka miwili bila kuchoka, na tangu alipomwona mbwa wa mwenzangu wa kazini, spanieli mdogo wa aina ya Cavalier King Charles, hataki kusikia habari ya mbwa mwingine. Hata mimi, niliyekulia katika nyumba ambayo mbwa alifungwa mchana na kufunguliwa usiku alinde boma, niliguswa mbwa yule alipoweka kichwa pajani mwangu na kusinzia.

Juma lililopita tuliona tangazo la mtoto wa Cavalier mwenye wiki 7 kwa pauni 900, bei ambayo ni ndogo kuliko nyingine zote tulizoziona. Muuzaji anataka amana ya pauni 200 kabla ya kesho jioni, na anasema kwamba kwa kuwa anaishi mbali atatuletea mtoto huyo hadi kwenye maegesho ya magari kando ya barabara kuu, ili tusisumbuke kwenda kwake. Mume wangu anauona huo kuwa wema, lakini mimi sina amani. Mwenzangu wa kazini naye aliniambia kwamba mbwa wake, mwenye miaka 8 tu, anakunywa dawa za moyo asubuhi na jioni, na kwamba si yeye peke yake.

Pia yupo mama mkwe wangu, ambaye huja kila mwaka kukaa nasi kwa miezi mitatu, na ambaye ameshatuambia kwa simu kwamba hatalala nyumba moja na mbwa. Naomba unieleze kama aina hii inafaa familia ya namna yetu, kama tulipe hiyo amana, na tumtunzeje tukimpata.

Mama Watatu, Reading

Marahaba, Mama Watatu.

Naanza na lile lisiloweza kungoja. Usilipe hiyo amana, wala usimwache mumeo ailipe. Huko kukosa amani kwako kuna sababu, na sababu yenyewe imo ndani ya sheria. Tangu tarehe 6 Aprili 2020, hapa England mfanyabiashara haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi 6 ambaye hakumzalisha mwenyewe, na mnunuzi anatakiwa amwone mtoto huyo akiwa na mama yake mahali alipozaliwa. Isitoshe, mtoto hatolewi kwa mama yake kabla ya wiki 8, na kufikia umri huo mzalishaji awe amekwisha kumwekea chipu chini ya ngozi, iliyosajiliwa kwa jina lake. Muuzaji anayekukutanisha naye kwenye maegesho ya magari amekunyima kumwona mama wa mtoto, na katika uzoefu wangu wa miaka 18 ya kazi kwenye kliniki ya wanyama, kabla sijaanza kuandika safu hii, huyo mama ndiye hasa anayefichwa.

Watu huiita sheria hiyo Sheria ya Lucy, na Lucy mwenyewe alikuwa Cavalier. Aliokolewa mwaka 2013 kutoka kwenye shamba la kuzalishia mbwa huko Wales, baada ya kuzalishwa mfululizo ndani ya kizimba kidogo mpaka nyonga zake zikakakamaa. Alipata nyumba ya kumpenda kwa miaka michache, akafa mwaka 2016, na kampeni iliyobeba jina lake ikafika Bungeni. Mama wa namna hiyo nimewaosha na kuwafunga vidonda kwa mikono yangu. Kila mara nilimfikiria mnunuzi aliyekwenda nyumbani akiwa na furaha ya mtoto mchangamfu, pasipo kujua kwamba pesa alizotoa ndizo zitakazomrudisha mama yule kizimbani kuzaa tena.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza. Kwa tabia, binti yako amechagua vizuri kabisa. Cavalier ni mbwa wa kilo 5 hadi 8 hivi, mpole, mwenye kupenda watu wote pasipo kuchagua, na anayefurahia matembezi ya nusu saa mara mbili kwa siku sawa na anavyofurahia kulala juu ya miguu ya mtu. Hafai kabisa kulinda nyumba, kwa maana mwizi atapokewa kwa mkia unaotikisika. Udhaifu wake kitabia ni mmoja, nao ni kwamba hawezi upweke: alizalishwa kwa karne nyingi kuwa mwenzi wa mtu, na ukimwacha peke yake kutwa nzima atalia, atatafuna, na atakuwa na huzuni ya kweli.

Historia yake inafaa kujulikana, maana ndiyo inayoeleza maradhi aliyokutajia mwenzako. Spanieli wadogo wenye pua ndefu walikuwa kipenzi cha Mfalme Charles wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 1660 hadi 1685, na wachoraji waliwaonyesha mara nyingi wakiwa miguuni pa mabibi na watoto wa kifalme. Baadaye mtindo ukabadilika, watu wakazalisha spanieli wa uso bapa, na wale wa zamani wakakaribia kutoweka, mpaka mwaka 1926 Mmarekani Roswell Eldridge alipotoa zawadi ya pauni 25 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts kwa atakayeleta spanieli mwenye pua ndefu kama wa kwenye picha za kale. Chama cha wapenzi wa aina hiyo kikaanzishwa mwaka 1928, na Kennel Club, chama kikuu cha mbwa cha Uingereza, ikaitambua rasmi mwaka 1945. Uzuri unaotuvutia leo umetokana na mbwa wachache waliozalishwa wao kwa wao, na pamoja na uzuri huo ukarithiwa pia moyo dhaifu.

Wewe ni muuguzi, kwa hiyo nitasema wazi. Ugonjwa wenyewe ni wa vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo. Vali hiyo huwa nene na kukunjamana, ikashindwa kufunga sawasawa, damu ikarudi nyuma kwa kila pigo, na daktari akiweka stetoskopu anasikia mnung'uno. Mbwa wadogo wengi huupata wakishazeeka, lakini Cavalier huupata mapema mno: wakifika miaka 5 takriban nusu yao wana mnung'uno, na wakifika miaka 10 karibu wote wanao. Kuna na tatizo la pili, ambalo kwangu ni chungu zaidi kulitazama, ambapo nyuma ya fuvu panakuwa padogo kuliko ubongo, maji ya uti wa mgongo yanakosa njia, na vifuko vya maji vinatokea ndani ya uti wenyewe. Mbwa wa namna hiyo hujikuna hewani karibu na shingo bila kugusa ngozi, na wakati mwingine hulia anapoinuliwa. Huko Norway jambo hili lilifikishwa mahakamani, na Oktoba 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuendelea kuzalisha Cavalier kwa utaratibu uliozoeleka ni kinyume cha sheria ya ustawi wa wanyama ya nchi hiyo.

Sikuelezi haya ili nikukataze. Nimewajua Cavalier waliofika miaka 13 na 14 wakiwa wanapanda ngazi wenyewe. Ninachotaka ni kwamba mnapokwenda kuchagua, macho yenu yaanze kwa wazazi, kisha ndipo yafike kwa mtoto, ingawa najua jinsi ilivyo vigumu kusoma karatasi huku kitoto chenye masikio marefu kinatafuna kamba za viatu vyako. Mwulizeni mzalishaji vyeti vya moyo vilivyoandikwa na daktari bingwa wa moyo wa wanyama. Utaratibu ambao wazalishaji makini wanaufuata ni kwamba mbwa hazalishwi kabla hajatimiza miaka miwili na nusu akiwa na moyo safi, na babu na bibi wa watoto hao wawe walipimwa mioyo yao wakiwa na miaka 5 na kukutwa safi. Ulizeni pia kama wazazi walipigwa picha za MRI za kichwa na shingo. Mzalishaji mwema hachukizwi na maswali hayo, na yeye atawauliza ninyi maswali mengi kuliko mtakayomwuliza, yakiwemo ya zamu zenu za kazi. Akisema tu kwamba daktari alimwangalia mtoto na kumwona mzima, shukuruni na mwondoke, kwa sababu moyo wa wiki 8 karibu kila mara husikika safi na hauelezi lolote kuhusu miaka 6 ijayo.

Hata hivyo, kwa nyumba yenu nina ushauri mwingine, na naomba muutafakari pamoja na binti yenu kabla ya kuukataa. Msichukue mtoto wa mbwa. Mchukueni mbwa mtu mzima, wa miaka 5 au 6, aliyekwisha kupimwa moyo. Mtoto wa mbwa wa wiki 8 anahitaji kutolewa nje kukojoa kila baada ya saa moja au mbili mchana, na usiku pia anaamka. Anahitaji kufundishwa kila kitu katika wiki ambazo baba anaondoka alfajiri na mama anarudi kutoka zamu akiwa hoi, huku kuna mtoto wa miaka 4 ambaye vidole vyake ni laini na meno ya mtoto wa mbwa ni makali kama sindano. Mbwa mzima amekwisha kupita hayo yote. Zaidi ya hapo, kwa aina hii umri ni ushahidi: Cavalier wa miaka 6 ambaye moyo wake bado hauna mnung'uno amekuonyesha mwenyewe kile ambacho mtoto hawezi kukuonyesha. Baadhi ya wazalishaji wazuri huwatafutia nyumba majike waliostaafu kuzaa, na mashirika kama Dogs Trust na RSPCA hupokea mbwa wa kila aina wanaohitaji familia mpya. Mtahitaji subira, pengine ya miezi. Binti aliyesubiri miaka miwili ataweza kusubiri kidogo tena, na katika muda huo anaweza kumtembeza mbwa wa mwenzako kila Jumamosi akajua kama mapenzi yake yanadumu hata siku ya mvua.

Kuhusu zamu zako, wala usizione kuwa kikwazo. Mbwa mzima asiachwe peke yake zaidi ya saa nne hivi, na nyumba yenu, kwa kuwa wewe unalala mchana baada ya zamu na mumeo amerudi alasiri, ina mtu ndani kwa saa nyingi kuliko nyumba za wengi wanaofanya kazi za ofisini. Cavalier atalala nawe mchana bila kudai chochote. Tatizo litakuwa siku ambazo wote hampo, na kwa siku hizo tafuteni mtu wa kumtembeza kabla mbwa hajaja, msingoje mpaka akae peke yake ndipo mtafute. Vivyo hivyo mkienda Moshi Desemba itabidi alale kwa mtu mnayemwamini au kwenye nyumba ya kupokea mbwa, na gharama hiyo iwekwe kwenye hesabu za nauli tangu mwanzo. Kama nyumba ni ya kupanga, ruhusa ya mwenye nyumba iwe ya maandishi.

Bima ikatwe siku ile ile mbwa anapoingia nyumbani. Kampuni za bima hazilipii ugonjwa uliokuwepo kabla ya mkataba, kwa hiyo mnung'uno ukisikika hata mara moja na kuandikwa kwenye faili kabla hamjakata bima, matibabu yote ya moyo yatatoka mfukoni mwenu. Chagueni bima ya maisha yote ambayo kiwango chake kinaanza upya kila mwaka, kwa sababu dawa za moyo hutumika kwa miaka. Dawa hizo zinasaidia kweli: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mbwa ambao mioyo yao imekwisha kupanuka lakini hawajaanza kuugua, wakipewa pimobendani, walichelewa kufikia hatua ya moyo kushindwa kazi kwa miezi 15 hivi. Ndiyo maana moyo wake usikilizwe kila mwaka, na ukianza kunung'unika, daktari atawaambia lini apigwe picha ya moyo. Na wewe una ujuzi ambao familia nyingi hazina. Mhesabie pumzi akiwa amelala fofofo, kifua kikipanda na kushuka ni pumzi moja, kwa dakika nzima. Zikiwa chini ya 30 hakuna shaka, zikizidi 30 na kubaki hivyo mpigie daktari siku hiyo hiyo. Mfundishe binti yako kuhesabu na kuandika kwenye daftari mara moja kwa wiki.

Jiko letu ndilo linalonitia hofu zaidi kwa mbwa hawa. Mchuzi, pilau, maharage, kachumbari, kila tunachopika kina kitunguu maji au kitunguu saumu, na vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi au vimepikwa. Makombo ya sahani yasiwe chakula chake hata siku moja. Zabibu, chokoleti, na peremende au siagi ya karanga yenye sukari ya zailitoli zinaweza kumwua, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Cavalier ni mlafi, na macho yake ni ya kuombea. Kila mwanafamilia akimpa kipande kimoja, watu watano ni vipande vitano, na kilo moja ya ziada kwa mbwa wa kilo 7 ni mzigo mzito kwa moyo ambao tayari una kazi. Apimiwe chakula chake kwa mizani, mtu mmoja ndiye ampe, na apimwe uzito kila mwezi.

Utunzaji wa mwili wake si mgumu. Manyoya yachanwe mara tatu au nne kwa wiki, hasa nyuma ya masikio, makwapani na mikiani ambako hujisokota, na masikio yenyewe yafunuliwe na kunuswa kila wiki, kwa kuwa sikio refu linaloning'inia hufungia unyevu na uchafu. Meno yapigwe mswaki kwa dawa ya mbwa, siyo ya watu. Avalishwe mkanda wa kifuani badala ya kola ya shingoni anapotembezwa, ili shingo isivutwe. Chanjo na dawa za viroboto na minyoo zifuate ratiba ya daktari, na mwulizeni pia juu ya minyoo ya mapafu inayoletwa na konokono wasio na gamba, kwa sababu kusini mwa England ipo na bustani za Reading hazikosi konokono hao.

Mtoto wa miaka 4 awekewe kanuni moja asiyoweza kuikosea: mbwa hainuliwi. Anayetaka kumpakata akae chini sakafuni, mbwa aje mwenyewe, na akiondoka aachwe aondoke. Akiwa kwenye kitanda chake asiguswe na mtu yeyote.

Amebaki mama mkwe wako. Namwelewa, kwa sababu nami nilizaliwa katika nyumba ambayo mbwa alikula alipopewa na kulala alipoweza, na hakuna aliyemchukia, ila hakuna aliyemkaribisha sebuleni pia. Msimwone kuwa mtu wa kushindwa kwa hoja. Mumeo, si wewe, ampigie simu mama yake kabla ya jambo lolote kuamuliwa, amweleze kwamba mjukuu wake ameomba mbwa huyu kwa miaka miwili, na amwulize nini kitamfanya alale kwa amani. Nadhani atataka chumba chake kisiingiwe na mbwa, jiko lisiingiwe wakati wa kupika, na asitarajiwe kumlisha wala kumwosha. Yote matatu yanawezekana kwa kizuizi kimoja cha mlangoni na kingine cha chini ya ngazi, vile vinavyotumiwa kwa watoto wachanga, ambavyo pengine bado mnavyo. Msimlete mbwa wakati mama yupo. Mbwa azoee nyumba na kanuni zake kwa miezi kadhaa kwanza, ili mama akifika amkute mbwa anayekaa chini akiambiwa kaa.

Mkishampata mbwa mliyempenda, ombeni nakala za vyeti vya moyo mkae navyo usiku mmoja kabla ya kulipa chochote, na ukipenda nitumie nivisome pamoja nawe.